Daftari la Nusura: shajara ya ukarabati wa nyumba moja Mkomani, Lamu

Naandika mambo yaliyokaribia kuwa ajali, kwa wasimamizi wenzangu wa mjengo, hasa wanaokarabati nyumba za kale, ili wafuate tulipopata na wakwepe tulipokosea. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, daka (ukumbi wa kuingilia) mlangoni na kiwanda (ua wa wazi) katikati, ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Ujia wa ubavuni una upana wa mita moja na nusu. Tuko watu 14: mafundi 5 kwa shilingi 1,500 kwa siku na vibarua 9 kwa 800. Baadhi ni Waamu, wenyeji wa Lamu, wengine wametoka Witu, Mpeketoni na bara zaidi.

7 Oktoba 2024

Alhamisi iliyopita jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto lilidondoka kutoka ukingo wa dari (paa la juu) mpaka ujiani, dakika chache kabla ya watoto wa chuo cha Kurani kutoka. Habari nimeipata leo, na aliyenipa si mtu wangu. Ni mwenye punda anayetuletea mchanga. Watu wangu sita waliliona jiwe likianguka. Hawakunificha kwa ubaya. Walisema Alhamdulillahi, wakaliokota, wakarudi kazini.

Mwanangu wa pili anasoma chuo kile.

Leo nimeanza mambo mawili. La kwanza ni banda la kinga juu ya ujia. La pili ni kuandika kila jambo lililokaribia kuwa ajali, hata kama hakuna aliyepata mkwaruzo. Nimechapisha fomu yenye sehemu 12 za kujaza, nikatundika sanduku la mbao lenye kufuli karibu na mlango. Fomu na sanduku: shilingi 1,150.

21 Oktoba 2024

Sanduku halina hata karatasi moja. Banda nalo limeshindwa mara mbili ndani ya wiki mbili, na nieleze vizuri maana mwingine asije akarudia.

Nilisimamisha nguzo mbili ndani ya ujia, nikalaza mazio (miti ya mikoko myembamba kuliko boriti) juu yake, nikaezeka makuti, kimo mita 2.1. Siku ya tatu mchukuzi alikuja na boriti begani. Waamu wanajua: ukifika pembeni mwa ujia huwezi kupinda na boriti mpaka uiinue ncha moja. Aliiinua, ikaparaza nguzo, nusu ya banda ikamlalia. Alikwaruzwa shingo tu. Jioni hiyo jirani yetu mzee akaniita barazani kwake. "Mwanangu, hujatuuliza. Kesho akifa mtu mtaani, jeneza litapita vipi hapa?" Sikuwa na jibu. Nilipima nafasi ya kupita matofali na mchanga, nikasahau kwamba njia hii ni ya watu wanaoishi hapa, na wengine watatolewa hapa mabegani.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Baada ya sala ya Ishaa, ujia ukiwa mtupu na watu wakiwa wamesimama ncha zote mbili, nilidondosha jiwe kutoka darini ili nione banda litafanya nini. Lilipita kwenye makuti kama hayapo. Kwa siku kumi tulikuwa tumewapa majirani kivuli, wakadhani ni kinga.

Banda jipya halina nguzo ujiani. Mazio yamepita kwenye matundu ya ukuta wetu na kukazwa kwenye jukwaa letu, kimo mita 3, juu yake mbao tabaka mbili na magunia ya mchanga. Tumelijaribu kwa jiwe lile lile, likabaki juu. Banda la kwanza lilikula 9,200, la pili 14,600. Lakini lililosaidia kuliko yote halikugharimu chochote: saa za watoto kuingia na kutoka chuo hatugusi ukingo wa nje.

Kuhusu sanduku, nilikaa na fundi mkuu kwenye daka nikamuuliza ana kwa ana. Alinipa sababu mbili ambazo sikuzifikiria. Ya kwanza ni pesa. Kontrakta ana desturi ya kukata mshahara kwa kila chombo kilichovunjika. Anayeandika kwamba ndoo ilikatika kamba anajiandikia deni mwenyewe. Ya pili ni kuona haya. Fomu ilitaka jina la aliyehusika, na hapa mtu hachongei mwenzake anayekula naye sahani moja.

Nikasema, basi watu hawaoni umuhimu. Akakataa. Yeye ujanani alisafiri na majahazi. "Chomboni, mtu akiona maji chini hangojei kujua ni nani aliyepiga kalafati, aliyeziba mianya ya mbao. Anasema tu, maji yanaingia. Kwa sababu anajua hatatozwa."

Jina la daftari limetoka kwake pia. Mimi nilikuwa nasema "matukio ya karibu na ajali", maneno ya ofisini. Yeye akasema andika "nusura". Nusura liangukie watoto. Na nusura ni msaada uliotoka kwa Mola pia, kwa hiyo mtu akisema neno hilo anashukuru na anaarifu kwa pamoja. Sanduku nimelitoa leo.

4 Novemba 2024

Utaratibu mpya: baada ya chai ya saa nne, dakika kumi kwenye daka, kila mtu anasema alichokiona na mimi naandika. Hakuna jina la aliyekosea. Hakuna makato. Hili la makato nililipigania kwa kontrakta jioni mbili. Nilimwonyesha kwamba kwa miezi mitatu alikuwa amekata jumla ya 4,300, na kwa kiasi hicho alikuwa amenunua kimya cha watu 14. Alikubali kwa masharti: wizi na uharibifu wa makusudi havimo. Sawa.

Nilimwonyesha pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Kamati ya usalama inatakiwa penye wafanyakazi 20 au zaidi, na sisi hatufiki. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Kumtoza mtu kwa kusema ni kumfunga mdomo ambao sheria inamtaka aufungue.

Wiki mbili, nusura 9. Nyingi ni vitu kuanguka: mwiko, kipande cha ubao, karai. Moja inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Fundi mkuu alikuwa jukwaani. Kijana wa bara alikuwa chini ameshika kamba ya kapi (gurudumu la kupandishia mizigo), ndoo ya chokaa imening'inia juu. Fundi alitaka kijana apande amsaidie kushika timazi, akamwita kwa Kiamu chake cha kila siku: "Ndoo!" Kwetu ni "njoo". Kijana akasikia ndoo, ile ya maji. Akafikiri ameambiwa aishushe, akalegeza kamba. Chini ya kapi palikuwa na mtu mwingine ameinama, anasugua makarai. Ndoo ilishuka kwa kasi, ikakwama shubiri moja juu ya kisogo chake, kwa kuwa fundo la kamba lilikuwa limefungwa vibaya likanasa kwenye kapi. Fundo ambalo siku nyingine ningeamuru lifunguliwe ndilo lililomwokoa.

Wote watatu ni watu makini. Hapana aliyelala kazini. Tumezoea kudhani kwamba kwa kuwa sote tunasema Kiswahili, sote tumesikia neno moja. Fundi alihuzunika sana. Alisema miaka yote ameita hivyo na hakuna aliyemwelewa vibaya, na ni kweli, kwa sababu miaka yote hiyo wasaidizi wake walikuwa Waamu.

Tumechagua maneno matatu ya kamba, ya mabaharia, yasiyofanana na kitu kingine chochote kwenye mjengo: "tweka" ni kupandisha, "tua" ni kushusha, "shika" ni kusimama hapo hapo. Aliye kwenye kamba hatendi kabla hajalirudia neno kwa sauti. Mtu anaitwa kwa jina lake. Vijana wa bara waliyashika maneno asubuhi moja. Pia tumezungushia chini ya kapi uzio wa fito, asiingie mtu. Kamba mpya 3,800, ndoano yenye ulimi wa kujifunga 900.

18 Novemba 2024

Mvua za vuli zimetunyeshea siku tano. Kazi ya nje imelala, ya ndani inaendelea.

Jumatano kibarua mmoja, mtu mkimya, alisema kwenye daka: "Sijui kama ni neno la kuandika. Kule chumba cha juu mguu umezama kidogo." Hakuna kilichovunjika na hakuna kilichoanguka. Mwezi uliopita angezunguka pale alipozama na kuendelea.

Tulipanda na msumari mrefu, tukachoma ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Katikati boriti zote zilikuwa ngumu kama chuma. Ncha sita kati ya boriti 17 zilipokea msumari kama muhogo uliochemka. Ndiyo tabia ya nyumba hizi: boriti huoza pale usipopaona. Ukuta ule ulipigwa plasta ya simiti kwenye ukarabati wa zamani. Chokaa hupumua, unyevu ukiingia hutoka. Simiti inaufungia ndani, na ncha za boriti zinakaa na maji miaka.

Na sisi tulifanya nini juu ya sakafu ile? Tulirundika kifusi chote cha ukuta wa kati, kwa kuwa ilikuwa karibu kuliko kukiteremsha. Sakafu ya namna hii peke yake, mawe na chokaa juu ya boriti, nimeikadiria zaidi ya kilo 400 kwa kila mita ya mraba. Chini yake ndipo watu walipokuwa wakikaa kula wakati wa mvua.

Nilisimamisha kazi siku mbili. Tuliteremsha kifusi kwa makarai kuanzia katikati kurudi mlangoni, watu wanne tu kwa wakati mmoja, tukaweka nguzo 24 chini yake. Nguzo 10,800. Mishahara ya siku mbili bila kazi nyingine kusonga, 29,400. Jumla 40,200. Kontrakta aliuliza kama gharama hiyo ilikuwa ya lazima. Nilimpandisha, nikampa msumari achome mwenyewe. Hakuuliza tena.

Kwa atakayefuata: kabla hujaweka hata karai moja juu ya sakafu ya boriti, choma ncha zote. Ni kazi ya asubuhi moja. Mimi niliifanya kwa kuchelewa, na kwa kuambiwa.

2 Desemba 2024

Nguzo 24 zimezaa hatari zake. Njia ya kupita na makarai imekuwa ya kupindapinda, na watu wawili wamegonga vichwa. Tumezipaka chokaa nyeupe na kuacha njia moja iliyonyooka. Yamekwisha.

Hili jingine ni kosa langu. Tulipotoa boriti mbovu pamebaki tundu sakafuni, karibu mita moja kwa mita moja. Niliagiza lifunikwe kwa ubao mpana, nikaona limefunikwa, nikaridhika. Jumamosi kibarua alihitaji ubao wa kuchanganyia. Akauona ule umelala, akaushika kwa mikono miwili, akauinua mbele ya uso wake, akapiga hatua. Mtu aliyebeba ubao mpana haoni miguu yake. Alitumbukia mpaka kifuani, viwiko vikamshika kwenye boriti za pande mbili. Chini palikuwa na mita tatu na nusu, na mawe.

Kifuniko kisichopigiliwa ni mtego. Ujue tundu na ufahamu kwa nini ubao uko pale, vinginevyo kwako ni ubao tu. Sasa kila kifuniko kina misumari minne pembeni, kimeandikwa kwa rangi nyekundu TUNDU CHINI, na anayetaka kukifungua ananiambia kwanza. Rangi na misumari: 740. Mtu yule alitetemeka mikono mpaka adhuhuri. Nilimpeleka nyumbani na siku yake ikalipwa.

13 Januari 2025

Naandika ukurasa huu kwa uzito. Tumepata ajali, na ilikuwa imekwisha kuandikwa daftarini.

Alhamisi ya tarehe 2 tulikuwa tunazima chokaa iliyotoka tanuri. Inapokutana na maji huchemka na kurusha matone ya moto. Kijana aliyekuwa na upawa mrefu alirukiwa kwenye jicho la kulia. Miwani ya kinga ilikuwa kipajini. Aliipandisha kwa sababu ilijaa ukungu, haoni.

Tarehe 11 Desemba daftari linasema: "miwani ya chokaa yatoka ukungu, watu waivua." Tarehe 19 Desemba: "miwani ile ile." Mwandiko ni wangu. Niliandika mara mbili nikafunga daftari. Nilikuwa nimeanza kufurahia wingi wa mistari, nahesabu nusura kama mtu anayehesabu mavuno.

Na maji. Madumu matatu ya maji safi yalipaswa kuwa kando ya shimo la kuzimia chokaa kwa ajili ya macho. Yalikuwapo, lakini matupu. Asubuhi ile tanki lilichelewa kujazwa, mtu akayamimina kwenye mchanganyiko. Fundi alimkokota kijana mpaka nyumba ya pili, na mama mwenye nyumba akamlaza ukingoni mwa birika, hodhi ya maji ya nyumbani, akawa anamwagia maji kwa kata bila kukoma, huku akimshika kope zisifunge. Alimwagia zaidi ya dakika ishirini, na kijana analia. Hospitalini walisema maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho. Alikaa nje ya kazi siku 9, mshahara wake ukiendelea. Leo anaona sawasawa.

Taarifa ya maandishi tumeipeleka kwa afisa wa usalama kazini ndani ya siku saba, kama sheria inavyotaka kwa ajali yenye majeruhi. Ingekuwa ya kifo, ni lazima aarifiwe ndani ya saa 24. Matibabu, nauli na siku zake: 23,400. Mama jirani alikataa chochote. Nilikwenda na mke wangu kumshukuru, akatuuliza hali ya kijana kabla hatujaketi.

Nimelifikiri pia jambo la hesabu. Mwaka 1931 Heinrich, Mmarekani aliyefanya kazi kwenye bima, aliandika kwamba kwa kila ajali moja kubwa kuna ndogo 29 na 300 zisizojeruhi. Wengi tunafundishwa hivyo mpaka leo, na waliokuja baadaye wamezibishia sana namba hizo. Mimi nilizichukua kwa maana kwamba nikipunguza vitu vidogo vinavyoanguka, jambo kubwa halitakuja. Vitu vinavyoanguka vilipungua kweli. Lakini jicho halikuanguka kutoka jukwaani. Hatari ya chokaa ilikuwa na mistari miwili tu kati ya zaidi ya arobaini, na mimi nilikuwa naangalia mahali penye mistari mingi.

27 Januari 2025

Mabadiliko tuliyokwisha kuyafanya:

Kila mstari wa daftari una nafasi mbili mpya, nani atatenda na kufikia siku gani. Siku tatu zikipita bila kutendwa, kazi ile inasimama, hata kama ni mimi niliyechelewa. Imesimama mara moja, kwa saa tano, kwa ajili ya ngazi yenye kidato kilicholegea. Nilikuwa mimi.

Miwani ni ya aina nyingine, yenye matundu ya hewa pembeni, 650 kila moja badala ya 350. Vijana wa chokaa waliijaribu wenyewe dukani kabla sijalipa. Tunatia chokaa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya chokaa. Tunafanya mapema asubuhi, na wakati huu wa kaskazi kila mtu anasimama upande upepo unakotoka.

Madumu ya macho yamepakwa kijani, vifuniko vimefungwa kwa uzi. Ukiukuta uzi umekatika, shimo halifunguliwi. Maji yanabadilishwa kila Jumamosi.

Kijana amerudi kazini. Nilimpa kazi ya zege, mbali na shimo. Baada ya siku mbili aliomba kurudi kwenye chokaa, akasema anaijua kuliko wengine. Nimemkubalia, na madumu ya kijani yako chini ya uangalizi wake.

10 Machi 2025

Ramadhani. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza saa sita. Kazi ya juu ya jukwaa inaisha saa tatu, baada ya hapo ni ya chini na ya kivulini.

Nusura mbili za kizunguzungu kwenye ngazi wiki ya kwanza. Nilitarajia wafungaji. Mmoja wa wawili hao hafungi. Ni kijana Mkristo wa bara, na alikuwa hajanywa maji tangu alfajiri kwa kuona haya kunywa mbele ya wenzake. Adabu yake ilinigusa, na ilikaribia kumvunja mgongo. Fundi mkuu ndiye aliyelimaliza. Alimshika mkono mbele ya wote, akampeleka chumba cha nyuma chenye mtungi, akamwambia: "Mwanangu, saumu ni yangu. Wewe kunywa, mimi nataka unishikie ngazi."

Mtungi na vikombe: 1,300.

24 Machi 2025

Mistari 61 tangu Oktoba. Ajali moja ya kupelekwa hospitali. Gharama zote za kinga, pamoja na makosa yangu ya banda na siku mbili za sakafu: 81,600. Miwani 6 na madumu na rangi ya kijani nimevitia humo. Matibabu ya Januari hayamo, hayo si kinga.

Boriti mpya zimelala, ncha zimepakwa chokaa, plasta ya simiti imebanduliwa ukuta mzima. Nguzo tunazitoa baada ya Idi, nne kwa siku, kuanzia katikati.

Banda la ujia linabaki mpaka ukingo wa dari ukamilike. Ijumaa iliyopita jeneza la bibi mmoja wa mtaani lilipita chini yake. Tulisimamisha kazi, tukashuka sote, na waliolibeba hawakuinamisha mabega.